UZI: Vitafunwa vya hadithi zetu za usiku (Mkaa Jikoni, mbuyu, kisima cha Pujini, Nunda). Karibuni tupike

Mama Vileja (Mjini, Unguja)

Assalam alaykum wapishi, na wapenzi wa hadithi pia.

Mwezi wa kumi ukikaribia simu yangu hujaa picha. Ni mambo ya Halloween: maboga yenye meno, mafuvu ya sukari, biskuti zenye umbo la kidole na kucha ya lozi. "Nifanyie kama hizi, mtoto ana sherehe skuli." Nazifanya, ndiyo kazi yangu, na waliozibuni ni mafundi. Lakini roho huniuma nikiona mtoto wa Unguja analijua boga la Marekani na hajapata kumsikia Nunda mla watu, ambaye habari zake zilikuwa zikisimuliwa vibarazani kwetu kabla babu zetu hawajazaliwa.

Naufungua uzi huu tukusanye vitafunwa vinavyotoka kwenye hadithi zetu wenyewe: za mashetani, za miti yenye wenyewe wasioonekana, za magofu, za wanyama wala watu. Nina sharti moja na nitalitetea: kitafunwa kiwe na kazi ndani ya hadithi. Kuchora macho mekundu juu ya keki ukaiita jini hakutoshi. Hata hao wenzetu wa mbali hawakuanza na sura. Ireland wana mkate wa zabibu uitwao barmbrack, ndani hufichwa pete, na anayeikuta kwenye kipande chake huambiwa harusi yake haiko mbali. Mexico, tarehe 1 na 2 Novemba, huoka pan de muerto, mkate mtamu uliopangwa vipande vya unga juu yake mfano wa mifupa, wakawawekea marehemu wao kisha wakaula jamaa nzima. Mikate hiyo ina shughuli. Mtu anaingoja, anaikata kwa hofu au kwa kumbukumbu. Kilichotufikia sisi kwenye simu ni picha tu.

Naanza na hadithi ninayoipenda kuliko zote, ya Sultani Majinuni. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Waanglikana hapa, aliipokea kwa wasimulizi wa Unguja akaichapisha London mwaka 1870 pamoja na nyingine, kwa hiyo si kitu cha kubuniwa juzi.

Sultani alikuwa na mtende bustanini. Kila tende zikiiva, ndege huja usiku akazimaliza. Wanawe ni saba. Wakubwa wanakwenda kulinda, mmoja baada ya mmoja, na kila mmoja anapitiwa na usingizi, kukicha mtende hauna kitu. Wa saba babake hamhesabu kabisa, kwa sababu anashinda jikoni, ndipo akaitwa Mkaa Jikoni. Zamu yake ilipofika alikwenda na mahindi na mchanga. Anatafuna mahindi. Usingizi ukimzidi anatia chembe za mchanga mdomoni, zinasagika menoni, macho yanamfunguka. Ndege alipotua, akamkamata.

Wapishi wenzangu, shujaa wa hadithi hii ni mtu wa jikoni, na silaha yake ni kitu cha kutafuna. Mnataka nini tena?

Biskuti za Mkaa Jikoni zina vitu vitatu: tende, mahindi, na ule mkwaruzo wa mchanga. Mchanga wenyewe tunauacha bustanini kwa sultani. Mkwaruzo unatoka kwenye mahindi makavu yaliyokaangwa bila mafuta mpaka yabadilike rangi na kunukia, kisha yakasagwa kwa kukwangua tu, yasiwe unga laini. Yachekeche. Unaopita kwenye chekeche la unga uweke pembeni kwa uji, unataka zile chembe zinazobaki juu. Zilizo kubwa mno zirudishe kwenye kinu, zisimvunje mtu jino.

Unga: ngano gramu 300, chembe za mahindi gramu 80, siagi gramu 200, sukari ya kusaga gramu 100, hiliki kijiko cha chai kimoja, chumvi kidogo, na maji ya waridi ya kula vijiko viwili au vitatu vya kushikanishia. Vuruga siagi na sukari kwanza, tia vikavu, usikande sana. Ufunike saa moja. Hapo msifanye haraka, chembe za mahindi zinahitaji muda wa kunywa unyevu wa siagi, la sivyo zinakuwa ngumu kuliko inavyotakiwa.

Ndani: tende gramu 250 zilizotolewa kokwa, samli kijiko kimoja, mdalasini nusu kijiko cha chai, karafuu ya unga kwa ncha ya kisu tu. Karafuu ina nguvu, ikizidi inafunika tende yote na ulimi unakufa ganzi. Pika moto mdogo mpaka tende ziwe donge moja, acha zipoe, kata vidonge vidogo. Funika kila kidonge kwa unga, kibonyeze kidogo juu, panga kwenye trei. Oveni nyuzi 170, dakika 18 hadi 20. Zitoe zikiwa bado nyeupe juu, na chini zimegeuka rangi kidogo. Ukingoja ziwe kahawia umechelewa, kwa sababu zinaendelea kukauka nje ya oveni. Unapata thelathini hivi.

Sasa kazi yake. Biskuti haziwekwi mezani kabla. Msimulizi anakaa nazo mapajani, zimefunikwa kwa kawa. Kila Mkaa Jikoni akianza kusinzia, kila mtoto anapewa moja aitafune, na wote wasikie ule mkwaruzo kwa pamoja. Asiyetafuna, ndege kapita. Hakuna mtoto anayelala hapo. "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea," wanaitikia, na utamu wenyewe uko mdomoni.

Karibuni. Leteni hadithi zenu, tuzitafutie vitafunwa.

Karafuu Mbichi (Wete)

Waalaykum salaam dada Mama Vileja. Umenikumbusha marehemu bibi yangu, alikuwa akitusimulia hiyo ya mtende huku anasuka ukili. Mie oveni sina, napikia jiko la mkaa. Na siagi ya dukani huku si kila siku ipo, samli ndiyo iliyo nyumbani. Nifanyeje?

Mama Vileja

Mwenzangu Karafuu, hapo ndipo mapishi yetu ya zamani yanapotusaidia. Chukua sufuria kubwa nzito, tandika chini mchanga mkavu safi kiasi cha vidole viwili, weka juu yake wavu wa chuma au vijiwe vitatu vilivyo sawa. Funika, upashe moto robo saa. Weka trei ndogo ndani, funika, na palia makaa juu ya mfuniko. Biskuti hutaka moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, kwa hiyo makaa ya chini yapunguze mpaka yabaki machache ya pembeni. Mchanga unashika joto na kuligawa, chini hapaungui. Fungua kutazama baada ya robo saa, si kabla, kila ukifungua moto unakimbia.

Na samli: siagi ina maji ndani yake, karibu sehemu moja katika sita, samli ni mafuta matupu. Ukitia samli gramu 200 badala ya siagi biskuti zitamung'unyika ukizishika tu. Tia gramu 160, na ongeza vijiko viwili vya maziwa au tui. Harufu ya samli kwa tende, mimi kwa ladha naipendelea hiyo kuliko ya siagi.

Ukhti wa Bububu

Assalam alaykum. Naomba niulize kwa nia njema, nisieleweke vibaya. Sisi ni Waislamu, na wengi wetu tumekua tukionywa kuhusu kumshirikisha Mwenyezi Mungu. Mambo ya mashetani, mibuyu, mapango, kisha unatia vyakula juu yake, si ndiyo kule kule kwenye chano cha pepo? Watoto watajua mpaka uko wapi?

Mama Vileja

Ukhti, umefanya vizuri kuuliza, na ningeuliza mimi kama usingeanza.

Chano kinajulikana. Ni sinia anayoandaliwa pepo: mayai, halua, tende, marashi, ubani unafuka, nguo za rangi anazozitaka yeye. Kinapelekwa mbuyuni, pangoni, au kinawekwa mbele ya mwele, yaani mgonjwa, kwenye ngoma ya pepo. Ni kumpa asiyeonekana ili aridhike. Hicho sikipiki, na katika uzi huu naomba asikipike mtu, hata kwa mapambo. Usipange keki kwenye sinia yenye chetezo na kitambaa chekundu ukaipiga picha ipendeze. Kuna watu kwao hiyo si picha, ni ugonjwa wa mama yao uliokaa nyumbani miaka. Na kuna walioacha mambo hayo kwa dini yao na hawataki kuyaona yakirudi na sukari juu.

Ninachopika mimi ni cha wanaosikiliza hadithi. Kinaliwa na watu, mbele ya watu, na msimulizi anasema wazi kuwa hii ni hadithi. Hapo ndipo mpaka ninapouweka, na nimekwisha kukataa kazi kwa ajili yake.

Ukhti wa Bububu

Nimeridhika na hilo la chano. Jazakallahu kheir kwa kulijibu bila kukasirika. Nitaendelea kusoma.

Kijana wa Machomane

Safi sana mama yetu! Mimi natoa wazo: biskuti za Popobawa, yule shetani anayesemwa huwavamia watu usiku. Mbawa mbili, jicho moja, kakao nyeusi. Kibati cha kukatia nishamchorea fundi. Zitauzika Forodhani mpaka kwa wageni.

Mpemba wa Konde

Mdogo wangu wa Machomane, mie nataka nikwambie kitu, na nakwambia kama kaka. Mwaka 1995 ulikuwa bado hujazaliwa labda. Ule ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa vyama vingi, na hofu ile ilianzia kwetu Pemba kabla haijavuka Unguja. Watu wazima, wanaume na wake zao na watoto, walikuwa hawalali ndani. Familia nzima inakoka moto uani au njiani, majirani wanakusanyika, wanakesha. Waliosema wameingiliwa walisimama mbele za watu wakasema, na hiyo si aibu ndogo kwa mtu wa kwetu. Kule Unguja umati ukamuua mtu aliyekuwa mgonjwa wa akili kwa kudhani ndiye. Hilo unalikatia kibati?

Mtu akiamini kuwa ni shetani, au akisema ni siasa, au akisema ni ndoto, yote sawa. Kilichowapata watu ni kweli. Mwenye kuumia bado yuko mtaani.

Mama Vileja

Kaka wa Konde, ahsante. Nakubaliana nawe neno kwa neno, na nilikuwa nikingoja mtu wa huko aliseme kwa sababu lina uzito zaidi likitoka kwenu. Nunda na Mkaa Jikoni ni wa zamani mno, hakuna mtu mtaani aliyeumizwa nao. Popobawa ana wahanga walio hai. Kwangu hiyo inatosha kumtoa chini ya kawa yetu.

Kijana, usiuvunje moyo wako, wala usikitupe kibati chako cha mbawa. Tia macho mawili, na huyo awe popo wa Pemba. Huyu ni kiumbe wa kweli, hapatikani popote duniani ila Pemba, na mbawa zake zikitandazwa zinapita mita moja na nusu. Anakula matunda, maembe na mashelisheli na kungu, na anaeneza mbegu msituni. Kuna wakati waliwindwa wakawa karibu kwisha, mpaka wanakijiji wakaanza kuwalinda. Kidike unawaona mchana wananing'inia kwenye miti, na msitu wa Ngezi wapo. Wageni watakuuliza "huyu ni nani", na utakuwa na la kuwaambia linaloisaidia Pemba badala ya kuichafulia jina.

Na kazi yake: popo ananing'inia. Toboa tundu dogo miguuni kabla ya kuoka, tumia kijiti cha mshikaki, kisha zipitishe uzi zining'inize kichwa chini kwenye tawi. Anayetaka biskuti aje aichume usiku kwa mdomo, mikono nyuma, alavyo popo. Unga tumia uleule wa tende, lakini badala ya tende tia embe lililopikwa na sukari mpaka likakauka. Embe bichi lina maji mengi, litapasua biskuti.

Kijana wa Machomane

Kaka yangu wa Konde nimekuelewa, shikamoo, na samahani kwa waliokereka. Sikuwahi kuelezwa hivyo, nyumbani jina hilo hutajwa kwa kunong'ona tu. Nafanya popo wa Kidike. Ile ya kuchuma kwa mdomo nimeipenda mno.

Mpemba wa Konde

Marahaba. Ukizipika nambie, nitakuja na wanangu.

Mwalimu wa Vitongoji

Salaam zenu. Mimi nasomesha historia na wanafunzi wangu huwapeleka Pujini, si mbali na Chake, upande wa mashariki. Pale pana magofu ya ngome ya karne ya 15, na mtawala wake wanamwita Mkame Ndume. Jina linatosha kukwambia alikuwa mtu gani: alikamua wanaume. Wanasimulia kuwa aliwabebesha watu mawe ya kujengea huku wanakwenda kwa kujiburura kwa makalio. Na wanasimulia kisima: alikuwa na wake wawili wasiopatana, akajenga ukuta kukigawa kisima, kila mmoja ateke maji upande wake asimwone mwenzake. Wapo wanaosema pana wenyewe mpaka leo, wengine hawapiti jioni.

Mama Vileja, hii si ina keki ndani yake?

Mama Vileja

Mwalimu, hii ina keki iliyokamilika! Nimekaa nayo usiku kucha.

Ni mkate wa mayai wa rangi mbili, ukuta katikati. Mkate wa mayai wa kwetu hauhitaji beking pauda, unainuliwa na hewa ya mayai. Mayai 6, sukari gramu 180, unga wa ngano gramu 180. Piga mayai na sukari mpaka ukiinua mwiko uji unaanguka kwa utepe na utepe unakaa juu kidogo kabla ya kuzama. Kwa mkono ni kazi ya jasho, kwa mashine dakika kumi. Unga uchekeche juu yake mara tatu kidogokidogo, ukichanganya kwa kukunja kutoka chini, usipige tena.

Gawa nusu kwa nusu. Nusu ya kwanza tia hiliki. Nusu ya pili tia mdalasini, kungumanga, na vijiko viwili vya kakao, na ile ya kwanza iongeze vijiko viwili vya unga. Hapo msisahau: zote mbili ziwe na uzito uleule. Mmoja akiwa mwepesi atapita chini ya ukuta aende upande wa mwenzake, na hadithi yako imeharibika.

Ukuta: karatasi ya jikoni ya alumini, ikunje mara nne ipate kusimama, urefu wa trei. Isimamishe katikati, mimina pande mbili kwa wakati mmoja, mtu wa pili akusaidie. Kisha uvute ukuta polepole moja kwa moja juu. Mstari unabaki. Nyuzi 170, dakika 30 hadi 35.

Kazi yake ni hii. Walaji wanagawanyika makundi mawili, kila kundi mke mmoja. Anakata kipande upande wake tu, na hakuna anayeruhusiwa kuonja wa mwenzake mpaka msimulizi afike mahali ngome inapoanguka. Hapo ndipo kisu kinapita juu ya mstari na kila mtu anapata kipande chenye rangi zote mbili. Watoto watakuomba uiangushe ngome mapema. Usikubali.

Mwalimu wa Vitongoji

Nitaifanya na darasa. Tutafika Pujini asubuhi, na mkate utaliwa skuli tukirudi, si magofuni. Pale ni mahali pa kuhifadhiwa na pia ni pa heshima.

Mchanga wa Kizimkazi

Na sie wa kusini msitusahau. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya mwaka 1107 ukutani kwenye kibla, na kijiji kina hadithi yake. Mfalme Kizi alivamiwa kutoka baharini, akamwomba Mungu, wakaja nyuki wakawafukuza wavamizi. Waliporudi mara ya pili aliomba afichwe, mwamba ukafunguka akaingia, ukafumba. Nyuki ni asali, au siyo?

Mama Vileja

Ni asali, na kitafunwa chake kipo tayari wala hatukibuni: mkate wa kumimina. Uso wake ukiiva vizuri una matundu kama sega. Mchele gramu 500 umeloweka usiku, usage na tui zito mililita 400, sukari gramu 150, hiliki, hamira kijiko cha chai kimoja na nusu. Acha uumuke mpaka utoe povu, tia ute wa yai moja uliopigwa, mimina kwenye sufuria iliyopakwa samli na kupata moto. Kingo zikianza kukauka, palia makaa juu. Sukari nimeipunguza kwa makusudi, asali inakuja baadaye.

Mkate ulio moto unafunikwa kwa kitambaa mezani. Nyuki wanapokuja kwenye hadithi, fungua na umimine asali, izame kwenye matundu mbele ya macho yao. Asali usiitie ndani kabla ya kupika, inawahi kuungua na uso unakuwa mweusi ndani mbichi.

Ule mwamba uliofumba sijauwekea kitu. Huyu alikuwa akiomba kwa Mola wake na hadithi yake iko karibu mno na msikiti. Tuishie kwa nyuki.

Karafuu Mbichi

Na kisiwa cha Misali je? Nabii Khidhr alifika pale, akawaomba wavuvi msala wa kusalia, hawakuwa nao, akasema kisiwa chenyewe kinaelekea kibla, kitakuwa msala wake. Mie nilifikiria mkate wa ufuta wenye umbo la msala.

Ukhti wa Bububu

Hapo naomba tusimame. Msala ni wa ibada, na jina la Nabii lisitiwe kwenye biskuti.

Mama Vileja

Niko na Ukhti. Hadithi ya Misali tuisimulie na mkate wa ufuta wa kawaida, wa duara, tuule tukisikiliza. Si kila hadithi inahitaji umbo.

Sasa keki ya mbuyu, niliyoiahidi kwenye kichwa cha uzi. Wote tumeonywa tusipite chini ya mbuyu magharibi. Ninachokichukua kwenye onyo hilo ni uwazi: mibuyu mizee huwa mitupu ndani, na hofu yote ni ya kutojua kilichomo. Kwa hiyo keki inapikwa kwenye sufuria ndogo ndefu, ikipoa inachimbwa katikati, shimo linajazwa ubuyu mwekundu wa kumumunya, kisha linafunikwa kwa kipande kilekile kilichotoka. Kwa nje haionekani kitu.

Unga wa ngano gramu 250, unga wa ubuyu vijiko vitatu vya kulia uliochekechwa vizuri, sukari gramu 200, mayai 3, tui zito mililita 200, mafuta mililita 100, beking pauda kijiko cha chai kimoja na beking soda nusu kijiko. Ubuyu ni mchachu, na uchachu wake ndio unaoiamsha soda, kwa hiyo ukishachanganya tia kwenye moto mara moja, povu halikungoji. Nyuzi 170, dakika 40 au zaidi kidogo. Ukitaka wekundu ndani, chemsha mbegu za mzingefuri kwenye mafuta yale kidogo na uyachuje.

Mtoto wa kwanza kutia mkono kwenye shimo ndiye anayeanza kusimulia. Mtaona jinsi wakubwa nao wanavyositasita.

Kijana wa Machomane

Mama, hukumaliza. Nunda mwenyewe yuko wapi?

Mama Vileja

Nunda namweka kwa vileja, na kwa hilo jina langu linanibana!

Nunda alikuwa paka wa yuleyule Sultani Majinuni. Alikula ndama, watu wakashitaki, sultani akasema paka wangu, na ndama wangu. Akala mbuzi, ng'ombe, ngamia, kila mara jibu ni lilelile, mpaka akatoka mjini akala watu na wana wa sultani. Mkaa Jikoni akatoka kumsaka. Anaua mnyama, anamburura kwa mama yake, anauliza ndiye huyu? Mama anamwambia siye, Nunda ni mkubwa kuliko huyu. Mbwa, ngawa, punda milia, twiga, kifaru, tembo. Kila mara siye.

Unga wa mchele gramu 500, samli gramu 250, sukari ya kusaga gramu 220, viini vya mayai vinne, hiliki. Kanda mpaka ushikane. Kata wanyama kuanzia mdogo hadi mkubwa, na mmoja wa mwisho paka mkubwa aliyepakwa ufuta mweusi, umfiche. Nyuzi 160, dakika 20, visiwe na rangi. Usiviguse vikiwa moto, vitavunjika mikononi mwako. Mtoto analeta mnyama mmoja mmoja kwa msimulizi, "Mama, ndiye?" Wote wanaitikia "Siye!" na mnyama analiwa. Akitoka paka, mnaijua kelele yake.

Hewa ya kwetu ina unyevu, vileja na biskuti vyote vinalegea siku ya pili. Bati lenye mfuniko wa kubana, chini kitambaa chenye mchele mkavu, vinakaa wiki bila taabu.

Karafuu Mbichi

Dada, za Mkaa Jikoni nimezipika kwa sufuria na mchanga, zimetoka! Wanangu wananiuliza: yule ndege aliyekamatwa ilikuwaje? Nilisahau.

Mama Vileja

Hongera mwenzangu! Ndege aliahidi hatarudi, akampa Mkaa Jikoni unyoya: ukiwa na shida uchome, moshi wake nitausikia nitakuja. Unyoya huo sijaupatia kitafunwa. Unataka kitu chenye moshi, na ubani tumekwisha kuuweka nje ya mlango. Nani ana wazo?

Mchanga wa Kizimkazi

Sukari ya kuunguza. Gramu 200 kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani, usikoroge, tikisa tu. Inayeyuka, inakuwa ya dhahabu, na ikianza kufuka moshi mwembamba ndipo unyoya unaungua. Nyumba nzima inasikia harufu. Epua hapohapo, ikipita ni chungu, na watoto wakae mbali, sukari ile inaunguza vibaya kuliko maji ya moto. Ichore kwa kijiko juu ya karatasi iliyopakwa samli, mistari myembamba kutoka kijiti kimoja cha katikati. Ikipoa ni unyoya, mpe kila mtoto wake.

Mama Vileja

Hiyo nimeichukua. Ijumaa naipika pamoja na biskuti. Picha nitaziweka hapa, na mwenye hadithi ya Tumbatu aiandae, zamu yao haijafika.